Mama mkwe anataka kwenda Namugongo kwa miguu na blanketi, sufuria na gamboti

Shangazi,

Habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda. Mume wangu ni wakala wa forodha hapa mpakani, mimi nauza nguo za watoto sokoni. Kila mwaka huwa tunakwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa basi kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Mwaka huu nimejiandikisha na kikundi cha parokia yetu kinachokwenda kwa miguu. Tutaondoka tarehe 26 Mei, mwendo wa siku saba.

Shida ni kwamba siendi peke yangu. Mwaka jana mtoto wangu wa pili alilazwa na malaria kali mpaka akaongezwa damu. Usiku ule mama mkwe wangu aliweka nadhiri kwamba mtoto akipona, atakwenda Namugongo kwa miguu yake. Mtoto alipona, sasa yuko shule. Mama ana miaka 63 na anatumia dawa za presha. Sina mdomo wa kumwambia asiende, maana nadhiri yenyewe iliwekwa kwa ajili ya mwanangu.

Juzi nilimkuta chumbani amefunga mzigo tayari, mwezi mzima kabla. Nilichungulia nikaishiwa nguvu. Kuna blanketi lile zito la kitandani, sufuria, unga kilo mbili, gomesi (gauni lake la kitamaduni) ya Misa, Biblia kubwa ya nyumbani, mtungi wa lita tano wa kuchotea maji ya Namugongo, na juu ya yote hayo gamboti, kwa sababu anasema njiani kuna matope. Ameweka mwavuli, lakini koti la mvua hana. Mimi nimenunua raba mpya nimezihifadhi kwenye boksi, nataka zifike Namugongo zikiwa safi.

Kwenye mkutano nilimuuliza kiongozi wetu kuhusu mvua na mizigo. Alinijibu mbele ya watu kwamba mashahidi hawakubeba makoti ya mvua, na mwenye imani hatishwi na wingu. Watu walipiga makofi, nami nikakaa chini. Mume wangu naye anasema mimi bado kijana, nimbebee mama mzigo wake. Yeye na watoto watakuja na basi tarehe 2 Juni.

Mama si mkaidi. Nesi alipomweleza habari ya chumvi, aliiacha siku hiyo hiyo. Ila hapendi kuelekezwa na mimi. Nikigusa tu ule mzigo ataona namwona mzee. Naomba uniambie, mwisho wa Mei kweli mvua ni ya kuogopa? Tubebe nini, tuache nini? Na hayo nimwambieje?

Mkaza mwana, Busia

* * *

Mwanangu,

Mzigo ulioueleza hautafika Iganga. Nakwambia mapema kwa sababu muda mnao, na kwa sababu karibu kila alichokifunga mama yako kinaweza kufika Namugongo bila yeye kukibeba. Nitafika huko. Acha kwanza nikujibu la mvua, maana ukishaelewa mvua ya njia hiyo, hata begi utajua la kulifanya.

Huku kwetu kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba au Desemba. Mnaondoka masika yakielekea ukingoni. Siku za mvua zitakuwa chache kuliko za Aprili, lakini mvua moja ya ngurumo inatosha kulowesha kila kitu mlicho nacho, na katika siku saba sioni mtakavyoikwepa. Panga kana kwamba mtanyeshewa. Msiponyeshewa, mtashukuru.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba saa ya mvua inabadilika kadiri mnavyokwenda magharibi, na mwenye kuibadilisha ni Ziwa Viktoria. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kuja bara, mawingu yanapanda. Ndiyo maana Busia na upande wote wa mashariki ya ziwa mvua hupenda kuja alasiri na jioni. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, upepo unarudi ziwani, na mawingu ya radi yanajengeka juu ya maji usiku kucha. Kukikaribia kucha yanasukumwa kuelekea pwani ya kaskazini na magharibi. Watu wa Entebbe na Kampala wanaijua vizuri mvua ya alfajiri inayokuamsha kwa radi, halafu saa nne jua linawaka kama hakukuwa na kitu.

Kwa hiyo siku za kwanza, Busia mpaka Bugiri na Iganga, ondokeni mapema kukishaanza kupambazuka, na mtake kuwa chini ya paa kufikia saa tisa alasiri. Mkishavuka Nile pale Jinja na kuingia upande wa Lugazi na Mukono, ratiba hiyo hiyo inaweza kuwatoa nje katikati ya dhoruba ya alfajiri. Huko, mkiamka mnasikia ngurumo, kaeni. Kunyweni chai. Kuchelewa kwa saa mbili kunafidika, kutembea siku nzima na viatu vilivyojaa maji hakufidiki.

Radi uichukulie kwa uzito wote. Nchi yetu inapigwa radi sana. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 kwenye shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, wakiwa ndani ya darasa. Ukiona umeme, hesabu. Ngurumo ikikufikia kabla hujamaliza 30, mvua hiyo iko karibu vya kutosha kuua. Ingieni kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofunikwa bati, na mkae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe au mvule hapana, hata kama kikundi kizima kimejibanza hapo kinaimba. Mabira ndiyo sehemu ninayoiwazia zaidi, kwa sababu ni mwendo mrefu wa msitu wenye mapaa machache. Ingieni asubuhi, kundi likiwa pamoja, mkiwa mmeshaitazama mbingu. Mkifika Najjembe, pale kwa wauza kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, pumzikeni mle.

Baridi ya njia hiyo si ya Kabale kule milimani. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na mtu mkavu analala vizuri na shuka. Lakini mtalala kwenye sakafu za saruji, madarasani na kwenye kumbi za parokia. Mtu wa miaka 63 mwenye nguo mbichi juu ya saruji atatetemeka mpaka asubuhi, na kesho yake anatakiwa kutembea kilomita karibu 30 nyingine.

Ndiyo maana katika begi kuna kitu kimoja nisichokubali mjadala juu yake, nacho ni nguo za usiku. Gauni au fulana, sweta jepesi, leso na soksi. Zitieni kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, kavera hilo ndani ya kavera lingine, midomo imekunjwa na kufungwa. Zinatoka mkishaingia chini ya paa tu, na asubuhi zinarudi ndani hata kama nguo za mchana bado mbichi. Kuvaa blauzi ya baridi saa kumi na mbili asubuhi kunachukiza, najua. Lakini ukitembea dakika ishirini mwili unaipasha joto. Mkianza kuzivaa zile kavu barabarani, mvua ya alasiri itazikuta, na usiku huo hamtakuwa na cha kujisitiri. Nimeona watu wazima, wenye nguvu zao, wakipanda taksi Iganga kurudi nyumbani kwa sababu hiyo tu.

Begi lenyewe liwe la mgongoni, lenye mikanda mipana. Kwa muuza sukari ya jumla omba lile kavera linalokaa ndani ya gunia la kilo 50, lipanue ndani ya begi, vitu vyote viingie humo, kisha usokote mdomo. Begi likilowa nje, ndani kunabaki pakavu. Koti la mvua tafuteni lile pana la plastiki lisilo na mikono linalofunika mtu na begi lake. Makoti mazito ya watu wa bodaboda yatawachemsha. Mwavuli wa mama msiutupe, ni mzuri kwa jua la saa sita, lakini kwenye barabara ile ya trela upepo wa gari moja unaugeuza na kumvuta mtu. Trela likikaribia, ufungwe.

Sasa viatu, na hapa sitakuficha kitu. Toa hizo raba kwenye boksi leo. Zivae sokoni, zivae ukichota maji, ziende kanisani Jumapili. Raba isiyozoeleka ndiyo inayowatoa watu wengi njiani. Hakikisha pia kidole gumba kina nafasi mbele, maana miguu huvimba kwa kutembea, na kiatu kinachokukaa sawasawa asubuhi kinakubana jioni. Gamboti zibaki nyumbani. Njia yenu ni lami mwanzo mpaka karibu na mwisho, matope yako ukingoni tu, na ndani ya gamboti mguu unajilowesha kwa jasho hata siku ya jua. Mama avae raba alizozizoea, hata kama zimechakaa kidogo, mradi soli haijaisha. Kila mmoja awe na ndara za jioni. Raba zikilowa, toa kile kitambaa cha ndani, jaza magazeti, uyabadilishe kabla ya kulala. Hazitakauka kabisa, ila zitavalika.

Lengelenge huletwa na msuguano, joto na unyevu. Ngozi ikilowa inalainika, ikilainika inavutwa na kiatu, ndipo inainuka. Pakeni mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni asubuhi. Vaeni soksi mbili, nyepesi ndani, nene nje. Saa sita mvue, miguu ipate hewa, mvae kavu, zile mbichi mzining'inize nyuma ya begi zikauke mkitembea. Muhimu kuliko yote, mtu akihisi sehemu inawaka, asimame hapo hapo abandike plasta. Asisubiri kituo. Kuna wanaopitisha sindano yenye uzi ndani ya lengelenge na kuuacha uzi humo. Mkataze mama asikubali. Uzi huo unaingiza uchafu kwenye nyama. Likipasuka lenyewe, alioshe kwa maji safi na sabuni, ngozi ibaki juu, afunike.

Nguo za kutembelea ziwe nyepesi zinazokauka upesi. Zile jezi na fulana za mpira unazoziona kwenye mitumba zinawafaa kuliko pamba nzito, na jinzi usibebe kabisa. Jozi moja mwilini, moja ya kubadilisha, mnafua jioni. Kofia yenye ukingo, sabuni kipande, tochi, chandarua chepesi kwa sababu mtapita mabonde ya mpunga kule Bugiri, na mkeka wa kukunja au kipande cha turubai cha kutandika juu ya saruji. Pedi usisahau hata kama tarehe zako bado, mwendo mrefu unaweza kuzivuruga. Kitu cha kung'aa gizani kila mtu awe nacho kifuani na mgongoni, na mtembee upande wa kulia wa barabara ili muyaone magari yanayowajia.

Unga na sufuria, sioni sababu. Njia nzima kuna chai, chapati, ndizi na mahindi, na parokia nyingi huwapokea mahujaji kwa chakula. Beba karanga za kukaanga na maji. Maji ndiyo mzigo halali, lita moja ni kilo moja, na chupa ya lita moja na nusu kila mtu inatosha mkijaza njiani. Yawe yaliyochemshwa au ya kutiwa dawa. Tumbo likiharibika, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnywe kidogo kidogo. Chumvi hiyo kwa mama iwe ya kuharisha tu, si kinywaji cha njiani.

Nije kwa presha yake, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipokwama niliposoma barua yako.

Aende kituo cha afya kabla ya kuanza mazoezi ya kutembea, apimwe, awaambie wazi kwamba anataka kutembea karibu kilomita 200 kwa siku saba. Dawa nyingine za presha hutoa maji mwilini, na ukiziunganisha na jua na jasho mtu anaweza kupata kizunguzungu. Daktari ndiye wa kusema kama kuna cha kubadilisha. Asiziache mwenyewe kwa kuogopa kukojoa njiani, akina mama wengi hufanya hivyo. Apewe za siku zote saba na za ziada, na zikae kwenye mfuko wa mwilini mwake, ndani ya kavera. Hata mkipata pikapu ya kubeba mizigo, dawa na nguo kavu haziingii kwenye pikapu, kwa sababu pikapu inaweza kuharibika Idudi nanyi mko Bugiri.

Na hili lisikupite. Njiani miguu ikiuma, mtu atawapa diklofenaki au ibuprofeni kwa moyo mwema kabisa, maana huku kwetu dawa hizo zinauzwa kama peremende. Mama asizimeze. Zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa zikichanganyika na dawa zake na mwili usio na maji ya kutosha. Panadol ndiyo yake, kwa kipimo cha kawaida. Akibanwa kifua, akikosa pumzi, kichwa kikimgonga kwa namna isiyo ya kawaida, akiona giza, au uso au mkono upande mmoja ukilegea, mwendo umekwisha siku hiyo. Simamisheni gari. Bugiri kuna hospitali, Iganga, Jinja, Lugazi pale Kawolo, na Mukono. Andika majina hayo, umpe na mwenzako mmoja.

Kiongozi wenu alikuvunja moyo mbele ya watu, na hakutenda haki. Tunaowaadhimisha, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao kwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Safari ile hawakuipanga. Walipelekwa wamefungwa, na wengine waliuawa kabla hawajafika. Kuwatolea mfano ili mjane, mgonjwa au mama wa miaka 63 alale na nguo mbichi ni kuwakosea heshima. Usibishane naye tena mkutanoni. Mfuate pembeni wewe na akina mama wawili watatu, mumwulize mnalala wapi kila usiku, nani ana sanduku la huduma ya kwanza, na gari gani litaitwa mtu akianguka. Hayo ni maswali ya kazi yake. Akikosa majibu, mwende kwa padri mapema kabla ya safari. Kuna vikundi vingine vinapita hapo Busia, hata vya ndugu zetu kutoka Kenya, vyenye gari na wauguzi, mnaweza kuungana navyo.

Sasa mama yako. Usifungue mzigo wake akiwa hayupo, hata kwa nia njema. Mwombe mfanye mazoezi pamoja, na uombe kwa ajili yako: "Mama, mimi sijawahi kutembea mbali, naomba unisindikize Jumamosi tujaribu na mabegi yetu." Hilo ni la kweli, na linampa nafasi ya kuwa mbele. Kabla ya kuondoka piteni kwa mnunuzi wa mahindi yeyote hapo mjini, mtundike mabegi yenu kwenye mizani, la kwako kwanza. Kwa mtu wa umri wake, kilo tano au sita pamoja na maji ndio mwisho. Nakadiria la kwake litapita kumi na mbili. Usiseme neno. Mtu wa mizani atasema, na wanunuzi wa mahindi hawajui kunyamaza. Halafu tembeeni barabara ya Masafu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na Jumapili baada ya Misa mtoke tena, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayoonyesha hali halisi ya miguu na mgongo. Nina imani mkirudi Jumapili ile, sufuria atalitoa mwenyewe.

Vilivyobaki anavibeba mwanawe. Mume wako amekwambia umbebee mama mzigo. Mjibu kwa upole kwamba utakuwa na wako, na kwamba yeye anakuja na basi tarehe 2 Juni, akiwa na miguu mipya na nafasi ya kutosha kwenye buti ya basi. Gomesi, blanketi, Biblia na mtungi ni vyake kuvileta. Mama atavaa gomesi kavu, iliyopigwa pasi, siku ya Misa, na maji ya Namugongo atayachota kwenye mtungi wake kama alivyokusudia. Kwa njiani mtafutie Agano Jipya dogo au rozari. Nadhani jambo hili likitoka kinywani mwa mwanawe, atalipokea.

Nesi naye umtumie. Mama alimsikiliza habari ya chumvi, atamsikiliza na habari ya kilo. Nenda naye siku ya kliniki, umwombe nesi mapema amweleze mzigo, diklofenaki na kunywa maji. Wewe kaa kimya, ukubaliane.

Na kama mazoezi yataonyesha hawezi, au daktari akikataa, msiache mpaka wiki ya mwisho. Mwende wote wawili kwa padri mzungumzie nadhiri, yeye ndiye mwenye kumwongoza hapo, nami sina haki ya kuingilia. Mapadri wengi wanamjua mama aliyepanda gari hadi Mukono na kutembea saa chache zilizobaki, akaingia Namugongo kwa miguu yake na wenzake. Wewe ukiona ni hivyo, tembea na kikundi, mkutane naye Mukono.

Mkifika kutakuwa na umati ambao simu haziwezi kuuhudumia. Kwa hiyo kabla ya tarehe 26 kubaliana na mume wako mahali pa kukutania na saa, pasiwe langoni. Namba yake iandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili, pamoja na jina la mama, dawa zake na kipimo chake. Moja ikae kwenye kavera la dawa, nyingine ibaki na wewe.

Shangazi